UZI: Mateka watatu waliotoroka kambini Nanyuki mwaka 1943, wakapanda Mlima Kenya, kisha wakarudi wenyewe

#1 Mwanzisha uzi (Moshi)

Wakuu, habari za usiku.

Kuna kisa nimekaa nacho miaka kadhaa, na leo nimeamua kukishusha chote hapa. Mimi kazi yangu ni mlima. Nilianza upagazi Kilimanjaro nikiwa kijana, sasa naongoza wageni, na mara mbili nimevuka mpaka kwenda kupanda Mlima Kenya hadi kilele cha Lenana. Safari ya kwanza kule, tumejikunyata kambini tukisubiri ifike saa nane za usiku tuanze kupanda, mwenzangu wa Nyeri akanisimulia habari ya Wataliano watatu. Sikumwamini. Niliporudi nyumbani nikaifuatilia, nikakuta ni kweli tupu, tena mwenzangu alikuwa ameipunguza.

Tuanze na walivyofika huko. Italia iliingia vitani Juni 1940 upande wa Ujerumani. Wakati huo ilikuwa inatawala Ethiopia, Eritrea na sehemu ya Somalia. Majeshi ya Uingereza yakaingia kutoka Kenya na Sudan, na ndani yake wamo askari wengi wa kwetu wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza. Addis Ababa ikaanguka Aprili 1941. Mwezi wa Mei mtawala mkuu wa Kitaliano, Duke wa Aosta aliyeitwa Amedeo, akajisalimisha Amba Alagi. Makumi ya maelfu ya Wataliano wakaletwa Kenya wakiwa mateka wa vita, wakatawanywa kwenye makambi. Kambi namba 354 ilikuwa Nanyuki, pale mstari wa ikweta unapopita, chini kabisa ya Mlima Kenya.

Mmoja wa mateka hao aliitwa Felice Benuzzi. Alizaliwa Vienna mwaka 1910, akakulia Trieste, akasomea sheria Roma. Alikuwa mwogeleaji wa kiwango cha kuiwakilisha nchi yake, na tangu ujana alipanda milima ya kwao. Vita vilimkuta Ethiopia akiwa ofisa wa serikali ya kikoloni, pamoja na mke wake na binti yao mdogo. Akatenganishwa nao, akaishia nyuma ya seng'enge.

Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri, maana bila kulielewa hili kisa chote kitaonekana wazimu. Mfungwa wa jela ana kifungo. Amepewa miaka mitatu, kila jua likizama anajua imepungua siku moja. Mateka wa vita hana cha kupunguza. Hajui kama vita vitaisha mwaka huu au baada ya miaka kumi, wala hajui akitoka atakuta nini kwao. Leo kwake haina tofauti na juzi. Watu kambini walilala mchana, wakagombana kwa vitu vya kijinga, wakapoteza hesabu ya siku. Wengine waliharibikiwa akili, na hakuna aliyewapiga.

Benuzzi alipofika Nanyuki mwaka 1942 ilikuwa majira ya mawingu. Kukaa chini ya mlima mkubwa kiasi kile na usiuone, mtu wa Moshi analijua hilo. Halafu siku moja pazia likafunguka. Akauona: jabali jeusi lenye barafu mabegani, juu ya msitu, juu ya waya, juu ya kila kitu. Tangu saa ile akawa na jambo la kufikiria.

Naendelea, msiondoke.

#2 Mchangiaji (Dodoma)

Mkuu nimevuta kiti, niko siti ya mbele kabisa. Shusha.

#3 Mwanzisha uzi

Tuendelee.

Mnaweza kujiuliza kwa nini hawakufikiria kutoroka moja kwa moja. Nchi ya karibu isiyokuwa vitani ilikuwa Msumbiji ya Wareno. Chukua ramani, pima kutoka Nanyuki. Unatakiwa ukate Kenya, kisha Tanganyika yote, kaskazini hadi kusini, kwa miguu, wewe mzungu usiye na hati, katika nchi ambayo kila bwana shamba na kila askari ni wa Mwingereza. Mtu mmoja mmoja walijaribu njia hiyo. Benuzzi aliliangalia hilo akaamua kwamba kama ni kutoka, basi atoke aende mahali anapoweza kufika.

Alihitaji wenzake, na hapo ndipo ilipokuwa kazi ngumu, maana kambi nzima ilimwona amechanganyikiwa. Akampata Giovanni Balletto, daktari aliyekuwa pia mpanda milima. Wa tatu alikuwa Vincenzo Barsotti, ambaye wenzake kambini walimwita Enzo. Enzo hakuwahi kupanda mlima, na afya yake haikuwa ya kutegemewa. Alichukuliwa kwa sababu alikubali bila kuuliza maswali mengi, na kwa sababu watu wawili peke yao porini hawatoshi kulinda vitu.

Matayarisho yalichukua miezi. Hapa mimi kama mtu wa mlima ndipo ninapovua kofia.

Leo mgeni wangu mmoja akipanda Kilimanjaro anakuwa na wapagazi watatu au wanne wanaombebea hema, chakula, nguo za baridi na godoro. Hawa watatu hawakuwa na kitu. Shoka la barafu walilitoa kwenye nyundo: nyundo zilipatikana kambini kwa ujanja, mhunzi aliyekuwa mateka mwenzao akazinyoosha na kuzichonga ncha. Yale meno ya chuma ya kufunga chini ya viatu ili usiteleze kwenye barafu waliyatengeneza kwa vyuma chakavu, madigadi ya gari lililokufa na waya wa miiba. Kamba ya kupandia ilikuwa ya mkonge, ileile iliyotumika kufumia vitanda vyao. Jaribuni kufikiria mtu ananing'inia kwenye ukuta wa mwamba mita 5,000 kutoka usawa wa bahari, na roho yake imefungwa kwa kamba ya kitanda. Nguo za kukinga upepo zilishonwa kutokana na mablanketi. Chakula walijinyima, siku kwa siku, wakaficha kidogo kidogo: biskuti, chokoleti, nyama ya kopo. Sigara ndiyo ilikuwa pesa ya kambini, na wengi waliacha kuvuta ili wanunulie kitu.

Ramani hawakuwa nayo. Walichokuwa nacho ni karatasi ya kopo. Kulikuwa na nyama na mboga za kopo chapa ya Kenylon, na kwenye karatasi yake pamechorwa Mlima Kenya. Hiyo ndiyo picha waliyoisoma kutafuta njia, na hata hiyo ilionyesha mlima kwa upande mwingine, si ule ambao wao wangepandia.

Kuhusu kutoka: nje ya uzio kulikuwa na bustani za mboga ambazo mateka waliruhusiwa kulima, na lango la kwendea huko lilikuwa na kufuli. Benuzzi akapata nafasi ya kuukandamiza ufunguo kwenye kipande cha lami, alama ikabaki, fundi mmoja kambini akachonga mwingine kwa kufuata alama hiyo.

Jumapili tarehe 24 Januari 1943 wakatoka. Walikuwa wameacha barua kwa mkuu wa kambi kueleza wanakokwenda.

#4 Mchangiaji (Mwanza)

Yaani wameacha na barua? Mkuu, hapa umenishika. Swali moja kabla hujaendelea: askari wa zamu hawakuona? Na je, walikuwa wamezoea hewa ya juu? Mimi Kilimanjaro niliishia Horombo, kichwa kilitaka kupasuka.

#5 Mwanzisha uzi

Pole sana ndugu yangu, Horombo ni mita 3,700 na inawaangusha wengi wenye vifua kuliko wewe.

Askari hawakuona kwa sababu kwenda bustanini lilikuwa jambo la kila siku. Mtu anayetembea taratibu na jembe hashtukiwi. Walijificha mpaka giza likaingia, ndipo wakaanza.

Kuhusu hewa: Nanyuki yenyewe ipo juu, karibu mita 1,900. Walikuwa wamekaa pale miezi, damu imeshazoea kiasi. Halafu walipanda polepole, zaidi ya wiki nzima kufika karibu na miamba, kwa sababu ya mizigo na kwa sababu hawakujua njia. Ule upole uliowaudhi ndio uliowaokoa. Sisi tunawaambia wageni "pole pole" kila hatua, wanadhani ni wimbo wa kuwafurahisha. Ni dawa.

Usiku wa kwanza na wa pili walipita kwenye eneo la mashamba ya walowezi, wakitembea gizani na kujificha mchana. Kisha wakaushika Mto Nanyuki na kuufuata kwenda juu. Hilo lilikuwa wazo la akili: mto unatoka mlimani, ukiukazania lazima ukufikishe. Lakini kando ya mto msituni si barabara. Ni miti iliyoanguka, upupu, mawe yenye utelezi, na njia zilizopo ni za wenyewe wenye msitu. Walikutana na tembo, uso kwa uso, wao wakiwa na nyundo mkononi. Ukitoka kwenye miti mikubwa unaingia mianzi, ambako huoni hatua tano mbele, na mianzi ikivunjika unasikia sauti hujui ni wewe au ni mnyama. Baada ya mianzi unatokea kwenye nyasi na yale mashina ya ajabu yanayofanana na kabichi lililopandwa juu ya nguzo, na baridi inaanza kuuma.

Enzo aliugua mapema. Homa ilimkamata njiani, lakini aliendelea kubeba mzigo wake. Nimewahi kuwa na mgonjwa mlimani. Najua maana ya mtu kusema "niko sawa, twendeni" huku midomo imekuwa ya bluu. Walipoweka kambi ya mwisho, juu kabisa ya bonde la Nanyuki, Enzo akabaki hapo kulinda vitu.

Sasa vilele. Mlima Kenya una vitatu vinavyotajwa zaidi, na vyote vina majina ya viongozi wa Kimaasai: Batian mita 5,199, Nelion mita 5,188 na Lenana mita 4,985. Lenana unafika kwa miguu, ndiko tunakopeleka wageni. Batian na Nelion ni habari nyingine, ni ukuta. Batian ilipandwa mara ya kwanza 1899 na Mwingereza Halford Mackinder pamoja na waongozaji wawili, César Ollier na Joseph Brocherel, ambao walikuwa Wataliano kutoka Courmayeur. Nelion ikasubiri mpaka 1929.

Benuzzi na Balletto waliitaka Batian. Tarehe 4 Februari waliujaribu ukingo wa kaskazini-magharibi. Hawakujua kwamba wamechagua upande mgumu, karatasi ya kopo haikuwaambia. Wakapanda mpaka mwamba ukawa hauna pa kushika, halafu theluji ikaanza kumwagika na upepo. Wakageuka. Kushuka pale, vidole vimekufa ganzi, kamba ya mkonge imelowa na kuwa nzito, ni jambo ambalo kila nikilifikiria nasimama kwa muda. Walirudi kwa Enzo wamechoka kiasi cha kutoongea.

Wapanda milima wengi wangefunga mizigo hapo. Chakula kilikuwa kinakaribia kwisha. Wakapumzika siku moja, na tarehe 6 Februari wawili hao wakapanda Lenana. Wakafika. Wakasimika bendera ya Italia waliyoishona kwa siri kambini, wakaacha chupa yenye karatasi ya majina yao watatu, na la Enzo likiwemo ingawa hakufika juu.

Safari ya kushuka nitaipita haraka, kwa sababu ni njaa tu. Walikuwa wamepanga chakula cha siku chache kuliko walizokaa. Siku za mwisho walitembea karibu na matumbo matupu.

Tarehe 10 Februari, siku ya 18, walikuwa wamesharudi bustanini na kuingia kambini kwa njia ileile waliyotokea. Wakaonana na wenzao, kisha wakaenda kujisalimisha.

Adhabu: siku 28 za kifungo cha upweke. Mkuu wa kambi, Mwingereza, akazipunguza hadi 7, akasema ameuthamini uanamichezo wao. Bendera ilikuja kukutwa kileleni na wapanda mlima wengine, wakaishusha.

#6 Mchangiaji (Tanga)

Mwanzisha uzi, nakupongeza kwa kazi, lakini nina ubishi na wewe kwa heshima. Huku siko kutoroka. Mtoro ni yule anayenuia asirudi. Ukitaka kutoroka kwa kweli nenda Stalag Luft III, kambi ya mateka kule Sagan, iliyokuwa ndani ya Ujerumani. Marubani wa Uingereza na washirika wake walichimba mahandaki matatu, wakayapa majina ya watu: Tom, Dick na Harry. Harry lilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 100, limezama chini karibu mita 9 ili vyombo vya kusikiliza visinase sauti ya kuchimba. Mbao za kuzuia mchanga zilitolewa kwenye vitanda, maelfu ya mbao, mpaka watu wakawa wanalala kwenye kamba. Mchanga waliutoa kwa vifuko walivyoficha ndani ya suruali, wakaumwaga uwanjani wakitembea.

Usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Machi 1944 walitoka watu 76. Handaki lilikuwa fupi, mdomo ulitokea kabla ya kufika kwenye miti, ndiyo maana hawakutoka wengi zaidi. Waliofika salama nchi huru ni 3 tu, Wanorwe wawili na Mholanzi mmoja. Waliobaki 73 walikamatwa. Hitler akaamuru, na 50 kati yao wakapigwa risasi. Miongoni mwao alikuwa Roger Bushell, aliyekuwa kichwa cha mpango wote.

Hao walikufa. Wako walipewa siku saba za kulala peke yao. Naona tofauti kubwa.

#7 Mwanzisha uzi

Ndugu wa Tanga, umeongea jambo zito na sitalipita.

Kwanza, tofauti uliyoitaja si ya ujasiri wa waliotoroka. Ni ya waliowakamata. Kulikuwa na sheria. Mkataba wa Geneva wa 1929 ulikuwa unasema mateka aliyetoroka na kukamatwa kabla hajaungana na jeshi lake apewe adhabu ya kinidhamu tu, na adhabu moja isizidi siku 30. Ndiyo maana unaona 28 pale Nanyuki, hazikutoka hewani. Uingereza na Italia walikuwa wamo kwenye mkataba, na Ujerumani vilevile ilikuwemo. Wale 50 waliuawa na serikali iliyokuwa imetia sahihi kwamba haitafanya hivyo. Baada ya vita Waingereza waliwasaka wauaji mmoja mmoja, wakawafikisha mahakamani Hamburg, na 1948 kadhaa wakanyongwa.

Pili, kuhusu nia ya kurudi. Wale wa Sagan walikuwa marubani wa vita, na kutoroka kwao kulikuwa sehemu ya mapigano: kila askari wa Kijerumani anayewasaka ni askari asiyekuwa mstari wa mbele. Hilo nalielewa na nawaheshimu. Lakini Benuzzi na wenzake walipigana na kitu kingine. Walikuwa wanapotea wakiwa hai. Kwa miezi ile ya matayarisho kila mmoja aliamka na kazi: leo nyundo, kesho kamba, keshokutwa biskuti mbili za kuficha. Siku zikawa na majina tena. Mimi naona walishatoroka tangu siku ile Benuzzi aliyoanza kuhesabu mablanketi, na kule mlimani ilikuwa ni kwenda kuthibitisha. Unaweza kukataa jina la "kutoroka" ukipenda. Mimi nitaendelea kulitumia.

#8 Mchangiaji (Nyeri)

Salamu kutoka upande huu wa mlima. Nimeusoma uzi wote na nataka kuongeza jambo, kwa sababu nimezaliwa kwenye miteremko ya Kirinyaga na huu mlima kwetu si wa michezo. Wazee wetu waliomba wakiuelekea, ni makao ya Ngai, Mungu wetu.

Nafurahi kwamba mkuu wa kambi aliwapunguzia wale Wataliano adhabu. Ilikuwa haki. Lakini hesabu miaka kumi tu kutoka hapo. Oktoba 1952 hali ya hatari ikatangazwa Kenya. Vijana wetu wa Mau Mau, waliopigana na Mwingereza, wakaingia msitu huohuo, mianzi ileile, baridi ileile, chakula kidogo kuliko hicho. Aliyewaongoza upande wa Mlima Kenya alikuwa Waruhiu Itote, tunayemjua kama Jenerali China. Huyu Itote alikuwa askari wa KAR, alipelekwa Burma kumpigania mfalme wa Uingereza katika vita hivyo hivyo vilivyowaleta Wataliano Nanyuki. Akakamatwa Januari 1954. Je, alihesabiwa kuwa mateka wa vita? Hapana. Alihukumiwa kunyongwa, akaponea kwa kukubali mazungumzo na serikali.

Na wale waliojaa kwenye makambi ya vizuizi, hakuna aliyewasomea mkataba wa Geneva. Kambi ya Hola, tarehe 3 Machi 1959, watu 11 walipigwa na walinzi hadi kufa kwa kukataa kazi ya kulazimishwa. Serikali ya Uingereza ilikuja kueleza masikitiko yake mwaka 2013, na kukubali kulipa wazee 5,228 waliokuwa bado hai na wamedai haki yao.

Babu yangu alikuwa kwenye moja ya kambi hizo. Hakuwahi kutusimulia chochote, alichofanya ni kukataa maisha yake yote kula chakula akiwa amesimama kwenye foleni. Kwenye harusi tulimletea sahani alipokaa. Nasema hivi ili huu uzi usomwe ukiwa mzima.

#9 Mchangiaji (Naivasha)

Ahsante wa Nyeri, umenigusa.

Niongeze tu kuhusu alama walizoacha mateka wa Kitaliano, kwa wanaosafiri. Ukitoka Nairobi kushuka Bonde la Ufa kwa barabara ya chini, karibu na Mai Mahiu kuna kanisa dogo sana kando ya barabara. Wataliano waliokuwa wakiijenga hiyo barabara ndio waliolijenga mwaka 1942. Ndani wanakaa watu wachache tu. Madereva wa malori wengi hupiga breki hapo, wengine kuomba, wengine kupumzisha injini. Nimepita pale mamia ya mara na bado huwa natazama.

Na yule Duke wa Aosta aliyetajwa juu alifia Nairobi Machi 1942, akiwa bado mateka, kwa kifua kikuu na malaria. Amezikwa Nyeri, kwenye kanisa la kumbukumbu ya Wataliano pale Mathari, pamoja na askari wake.

#10 Mwanzisha uzi

Ndugu wa Nyeri, nimesoma ujumbe wako mara tatu. Shikamoo kwa babu yako popote alipo. Nilipoanza uzi huu nilikuwa nimejaa habari ya kamba na nyundo, na ulichoandika kilipaswa kuwemo tangu mwanzo. Sheria iliyompa Benuzzi siku saba ilikuwa na mlango, na mlangoni palikuwa na mtu anayechagua nani aingie. Walioachwa nje walikuwa wenye mlima.

Nakuongezea jambo ambalo bila shaka unalijua, ila wengine humu huenda hawalijui. Lenana, kilele kilekile cha ile bendera ya Italia, usiku wa uhuru wa Kenya Desemba 1963 kilipandishwa bendera ya Kenya. Aliyeipeleka ni Kisoi Munyao. Watu wakiwa Nairobi uwanjani wanashangilia bendera ya Mwingereza ikishuka, yeye alikuwa juu, kwenye barafu na giza. Kila nikifika pale na wageni wangu, nawasimulia wote wawili: wa 1943 na wa 1963. Huwa naanza na Munyao.

#11 Mchangiaji (Mwanza)

Na hao watatu waliishia wapi?

#12 Mwanzisha uzi

Benuzzi alikaa utekani Kenya hata baada ya Italia kusalimu amri Septemba 1943. Alirudi kwao 1946, akakutana tena na mke na binti. Aliandika mwenyewe kisa hiki chote, kwa Kitaliano na kwa Kiingereza, ndiyo maana tunakijua kwa undani namna hii. Akaingia utumishi wa ubalozi, akafanya kazi nchi nyingi, mpaka akawa balozi wa Italia Uruguay. Alifariki Roma 1988.

Jina la Balletto liko hapa kwetu. Kilimanjaro, upande wa kusini-magharibi wa Kibo, kwenye ule ukuta mkubwa unaoogopwa na kila mtu, kuna barafu inaitwa Balletto. Nimepita chini yake nikiwa na mizigo kichwani miaka mingi kabla sijajua kuna daktari aliyewahi kupanda mlima kwa kamba ya kitanda. Barafu yenyewe inaisha, kama barafu zote za kule juu. Wapagazi wakongwe wakikuonyesha ilipokuwa inafika zamani, unaona mwamba mtupu.

Enzo sina zaidi ya hayo niliyoandika. Kwangu mimi ndiye mkubwa kuliko wote. Hakuwa mpanda mlima, alikuwa na homa, alijua tangu mwanzo hatafika kileleni. Akabeba hivyohivyo. Mimi nimekuwa mpagazi, najua.

#13 Mchangiaji (Nanyuki)

Nimeingia kimya kimya kusoma, naona nimekuta mji wetu. Mimi nauza chai hapa karibu na stendi, nafungua saa kumi na moja alfajiri. Watu wa mbali wakija huwa wanauliza mlima uko wapi, maana wamefika mchana na hawaoni kitu. Nawaambia walale, waamke mapema.

Leo umejitokeza wote, Batian hadi Lenana, hauna hata wingu. Ikifika saa nne utakuwa umeshafunikwa.